Kuchagua Tela la Kulala Lenye Gereji na Pikapu ya Kulivuta: Anza na Mzigo, Malizia na Gari

Kosa ambalo nimeliona likirudiwa na jamaa wengi hapa Colorado, nami mwenyewe nikiwamo, ni kununua pikapu kwanza, kisha kutafuta tela la kuifaa, na mwishowe kugundua kwamba chombo tulichokusudia kukibeba hakiingii ndani ya tela hilo au kinalizidishia uzito. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake kabisa: upime mzigo, utafute tela litakaloubeba, na pikapu iwe ya mwisho. Mwongozo huu unafuata utaratibu huo, na umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayeishi Marekani au Kanada, kwa kuwa huko ndiko matela haya yanakotumika, na mengi yake hutengenezwa Elkhart, Indiana, na katika miji inayouzunguka.

Tela ninalolizungumzia lina jiko, choo na chumba cha kulala upande wa mbele, na nyuma lina gereji ambayo ukuta wake wa mwisho hulazwa chini ukawa rampu ya kupandishia pikipiki au bagi la mchangani, yaani kigari cha wazi cha kuendeshea matutani. Wauzaji huliita toy hauler, yaani mbeba midoli, kwa sababu vyombo hivyo vya starehe ndivyo midoli ya watu wazima nchini humu. Halivutwi kwa tufe la chuma lililofungwa nyuma ya bampa kama tela dogo. Limetokeza shingo mbele, na chini ya shingo hiyo ipo pini ya chuma inayonasa katika kiungio kilichofungwa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Hilo ndilo wanaloliita fifth wheel. Yeyote aliyewahi kuendesha semi, na Waswahili wanaoendesha semi huku si haba, ataitambua kazi hiyo mara moja, maana ni kingpini ileile na sahani ileile, ila vimepunguzwa ukubwa. Tofauti ni kwamba kichwa cha semi kimeundwa tangu kiwandani kwa ajili ya kutwishwa tela mgongoni, ilhali pikapu imeundwa kwa kazi kumi, na kubeba shingo ya tela ni mojawapo tu.

Hatua ya kwanza: pima kitakachoingia gerejini

Chukua utepe wa kupimia na upime chombo chenyewe, wala usitegemee kumbukumbu. Bagi la viti vinne aina ya Polaris RZR XP 4 1000 lina urefu wa karibu inchi 146, ambazo ni futi 12 na inchi 2. Gereji nyingi za matela ya aina hii zina urefu wa kati ya futi 10 na 14, na ile iliyoandikwa futi 12 kwenye karatasi ya muuzaji itakuangusha kwa inchi mbili tu, kwa kuwa mlango ukigoma kufunga, umegoma.

Hata urefu ulioandikwa ukitosha kwenye karatasi, usiuamini mpaka uwe umesimama ndani ya gereji yenyewe. Mara nyingi urefu huo hupimwa sakafuni, kutoka mlango wa rampu hadi ukuta wa mbele, ilhali juu ya sakafu kunaweza kuwa na kabati lililojitokeza, ngazi ya kupandia sebuleni, au kochi lililokunjwa ukutani ambalo hula inchi sita kila upande. Nilipokwenda kukagua tela nililonalo sasa, nilichora mistari miwili ya chaki sakafuni, mmoja mahali ambapo tairi za mbele zingeishia na mwingine mahali ambapo bampa ya nyuma ingefikia, kisha nikapima tena katika kimo cha boneti na katika kimo cha paa. Kimo cha paa ndicho watu wengi hukisahau. Vitanda vya gerejini hupandishwa kwa mota hadi karibu na dari, na hata vikiwa juu kabisa bado hupunguza nafasi. Bagi lenye kimo cha inchi 74 linaweza kupita mlangoni vizuri, kisha likakwama chini ya kitanda likiwa limebakiza nusu ya safari ya kuingia.

Baada ya vipimo, andika uzito wa kila kitu kwa pauni, kwa kuwa stika zote utakazozisoma baadaye zimeandikwa kwa pauni, na kubadilisha kila mara kwenda kilo na kurudi ni kujitafutia makosa. Pauni moja ni gramu 454. Galoni moja ya Marekani ni lita 3.8, na galoni hiyo ikiwa ya maji ina uzito wa pauni 8.3, ikiwa ya petroli ina uzito wa karibu pauni 6. Uzito wa bagi unaotajwa kwenye vipeperushi mara nyingi ni wa chombo kikavu, bila mafuta wala tairi ya akiba, wala kile kioo cha mbele na spika ulizofunga mwenyewe. Ongeza pauni mia moja au mia mbili juu yake bila kusita.

Hatua ya pili: chagua tela kwa uwezo wake wa kubeba

Kila tela lina vibandiko viwili ambavyo ni lazima uvisome. Kimoja huonyesha GVWR, yaani uzito wa juu kabisa ambao tela halipaswi kuuzidi likiwa na kila kitu ndani. Kingine, ambacho kwa kawaida ni cha manjano na kimebandikwa karibu na mlango wa kuingilia, husema ni pauni ngapi za mzigo zinazoruhusiwa katika tela hilo hilo ulilosimama mbele yake, likiwa na vifaa vilivyofungwa kiwandani. Hiki cha pili ndicho cha kukiamini, kwa sababu tela la jina moja na mwaka mmoja linaweza kutofautiana na mwenzake kwa mamia ya pauni kutokana na jenereta, kiyoyozi cha tatu au betri za ziada.

Tuchukue tela lenye GVWR ya pauni 16,800 ambalo likiwa tupu lina pauni 13,300. Limebaki na pauni 3,500 za mzigo, na mtu akisikia hivyo huona ni nyingi mno. Weka bagi la pauni 1,700 pamoja na mafuta yake. Jaza tanki la maji safi la galoni 100, maana kambi za jangwani hazina bomba: pauni 830. Matela mengi ya aina hii huwa na tanki la petroli la kujazia vyombo, mara nyingi la galoni 30: pauni 180. Mitungi miwili ya gesi ya pauni 30 kila mmoja: pauni 60. Sasa umebakiwa na pauni 730 za kugawia vyakula, nguo, vyombo vya jikoni, viti, jiko la kuchomea nyama, spana, bomba za maji taka na mabegi ya watoto wanne ambao kila mmoja ana wake. Bado hujarudi na matanki ya maji machafu yaliyojaa. Kwa hesabu hiyo, tela lenye nafasi ya pauni 2,500 ambalo lina gereji ya futi 13 ni mapambo; gereji ipo, lakini ukiweka chombo ndani yake huwezi kuweka maji.

Miongoni mwa majina utakayokutana nayo sokoni ni Momentum ya Grand Design, Raptor na Fuzion za Keystone, Cyclone ya Heartland, Seismic ya Jayco na Vengeance ya Forest River. Sitakuambia lipi ni bora, kwa kuwa Keystone, Heartland na Jayco zote ni mali ya kampuni moja, Thor Industries, na vyuma vya chini, ekseli na vifaa vya ndani hutoka kwa wasambazaji walewale. Linganisha tela na tela, si jina na jina. Angalia idadi ya ekseli. Mbili za pauni 8,000 na tatu za pauni 7,000 si kitu kimoja, kwani tatu hukupa akiba, na tairi moja ikipasuka huwa zimebaki tano. Angalia pia herufi ya nguvu ya tairi na tarehe yake: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni juma na mwaka, hivyo 2319 ni tairi iliyotengenezwa juma la 23 la mwaka 2019, na tairi ya tela ya umri huo haifai kuwekwa barabarani hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Kuhusu gereji yenyewe, mimi nasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: pawe na ukuta kamili na mlango unaofunga vizuri kati ya gereji na sebule. Yapo matela yaliyo wazi kutoka nyuma hadi jikoni, nayo ni mepesi na bei yake ni nafuu, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na jikoni kuna jiko na hita zinazowaka kwa gesi. Hata penye ukuta, funga gesi kabla ya kujaza mafuta, fungua madirisha ya gereji mara tu ufikapo, na hakikisha kengele za gesi na za kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu ya moshi, hazijapitwa na tarehe iliyochapwa mgongoni mwake. Vishikizo vya sakafuni vya kufungia mikanda navyo vitazamwe kwa chini, utambae uone kama vimeshikwa na chuma cha chesisi au na mbao tu.

Hatua ya tatu: elewa uzito wa pini

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tela la shingo halibebwi lote na ekseli zake. Sehemu ya uzito wake, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25, hukaa juu ya pini na hivyo huwa mgongoni mwa pikapu. Sehemu hiyo si mzigo unaovutwa. Ni mzigo unaobebwa, sawasawa na mifuko ya saruji ambayo ungeipanga ndani ya bodi. Matela yenye gereji huwa na pini nzito kuliko matela ya kawaida, kwa sababu mhandisi alijua kwamba nyuma kutawekwa chombo, akasogeza ekseli nyuma ili tela lisije likainua shingo. Likiwa tupu, basi, pini yake huelemea sana. Asilimia 23 ya zile pauni 13,300 ni karibu pauni 3,060, na hapo hujaweka hata kijiko.

Tela hufanya kazi kama ubao wa pembea ambao katikati yake ni ekseli. Ukiweka bagi la pauni 1,700 futi 8 nyuma ya ekseli, na pini ikiwa futi 25 mbele yake, unazidisha 1,700 kwa 8 na kugawanya kwa 25, unapata kwamba pini imepungukiwa na pauni 544. Maji yakiwa mbele ya ekseli yanaiongeza. Nguo na vyakula vya chumba cha mbele vinaiongeza. Tanki la petroli la nyuma linaipunguza. Kutokana na hesabu hii yanafuata mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia. La kwanza ni kwamba ukisafiri bila bagi, kwa mfano umeliacha kwa fundi, pikapu yako inaweza kuelemewa zaidi kuliko ulipokuwa umejaza. La pili ni kwamba ukiweka vyombo vizito mno nyuma kabisa, pini ikashuka chini ya asilimia 15, tela litaanza kuyumba kwa kasi ya barabara kuu, na tela la futi 42 likishaanza kuyumba halisikii lugha ya usukani.

Kwa kupanga, tumia asilimia 20 hadi 22 ya GVWR ya tela, wala si ya uzito mkavu. Kwa tela letu la pauni 16,800, asilimia 20 ni pauni 3,360. Iandike namba hiyo kwenye karatasi, kisha uende nayo kutafuta pikapu.

Hatua ya nne: chagua pikapu kwa stika ya mlangoni

Matangazo ya pikapu hupigia debe uwezo wa kuvuta. Namba hiyo si ya uongo. Kiwango cha SAE J2807, ambacho watengenezaji hukitumia, hudai pikapu ipande mlima wa Davis Dam kule Arizona wakati wa joto, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, bila kushuka chini ya kasi iliyowekwa. Ila wakati wa jaribio hilo ndani ya gari huhesabiwa dereva na abiria mmoja, kila mmoja akiwa wa pauni 150. Mimi peke yangu nina pauni 210, na sijamhesabu mama watoto.

Namba inayokuhusu ipo kwenye stika ndogo yenye ukanda wa manjano, kwenye nguzo ya mlango wa dereva, inayosema kwamba uzito wa watu na mzigo kwa pamoja usizidi pauni kadhaa. Namba hiyo hutofautiana kati ya pikapu mbili zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu katika yadi moja, kwa sababu paa la kioo, viti vya ngozi na ngazi za umeme vyote vimekwisha kutolewa humo. Tolea humo watu wako wote, dereva akiwamo, kiungio chenyewe ambacho kinaweza kufikia pauni 150 au zaidi, kisanduku cha spana na mbwa. Kinachobaki ndicho unachoweza kuipa pini.

Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa ya daraja la 2500 (pikapu nzito, ngazi moja chini ya 3500), injini ya dizeli, kabini kubwa, na kijana aliyeniuzia alinihakikishia kwamba tela la pauni 15,000 kwake ni kama kanyoya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Stika ya mlangoni ilisema pauni 2,500, nami sikuisoma. Sisi wanne, kiungio na vikorokoro vyetu tulifikia pauni 900, kwa hiyo pini ilikuwa imebakiziwa pauni 1,600. Nilipopanda mizani kwa mara ya kwanza, tela lote lilikuwa na pauni 13,800, chini ya uwezo wa kuvuta nilioahidiwa, na pini yake ilikuwa pauni 2,840. Pikapu ilikuwa imezidi uzito wake halali kwa pauni 1,240. Ilikuwa inavuta vizuri tu, na hilo ndilo lililonidanganya: injini haikulalamika hata kidogo, ila springi zilikuwa zimelala, taa za mbele zilikuwa zinamulika matawi ya miti, na ekseli ya nyuma ilikuwa imepita kikomo chake.

Tangu hapo ushauri wangu umekuwa mfupi. Kwa tela lenye gereji la pauni 14,000 au zaidi, daraja la 2500 au F-250 lisahau, isipokuwa kama stika ya gari hilo hilo inanikanusha. Daraja la 3500 au F-350 lenye tairi moja kila upande wa nyuma huweza kuwa na pauni 3,700 kwenye stika. Toa zile 900, zinabaki 2,800, na tela letu la mfano linadai 3,360. Limeshindwa. Daraja hilo hilo lenye tairi pacha nyuma, ambalo Wamarekani huliita dually, likiwa na pauni 5,400 hubakiwa na 4,500, na hapo ndipo unapopata akiba ya kulala usingizi. Tairi pacha zina kero zake: ni pana mno kwa maegesho ya maduka, zinateleza kwenye theluji likiwa tupu, na kila baada ya miaka kadhaa unanunua tairi sita badala ya nne. Hata hivyo, upepo wa ubavu unapopiga ukuta wa tela wenye urefu wa futi 42, kero hizo hutazikumbuka.

Wapo watakaokushauri uongeze mifuko ya hewa kwenye springi. Mifuko hiyo husawazisha gari lisiiname, lakini haibadilishi stika, ekseli, wala tairi. Tairi ya nyuma yenye uwezo wa pauni 3,640 ikizidishwa kwa mbili ni 7,280, na hakuna mfuko wa hewa utakaoongeza hata pauni moja juu ya hapo.

Kuhusu injini, Cummins ya lita 6.7, Power Stroke ya lita 6.7 na Duramax ya lita 6.6 zote zinatosha kwa kazi hii, na mabishano ya mashabiki wao ni kama ya Simba na Yanga, hayaishi wala hayamfikishi mtu popote. Injini ya petroli ni nyepesi kwa mamia ya pauni na hivyo huacha nafasi kubwa zaidi kwenye stika, tena bei yake ni ndogo. Lakini injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za kupanda, na handaki la Eisenhower kwenye barabara ya I-70, ambalo kwangu ni njia ya kwenda Moab kule Utah, lipo juu ya futi 11,000. Zaidi ya kupanda, dizeli hunifaa katika kushuka. Kutoka handaki hilo hadi Silverthorne barabara huteremka kwa mwinamo wa asilimia 7, na breki ya ekzosi hushikilia msafara wote kwa kasi moja bila mguu wangu kugusa breki, isipokuwa mara chache. Hakikisha kifaa cha kudhibiti breki za tela kimefungwa kutoka kiwandani, na ukilipata tela lenye breki za diski badala ya ngoma, lipe alama za ziada.

Hatua ya tano: bodi na kiungio

Bodi ya futi 8 huondoa matatizo mengi. Tela lina upana wa futi 8 na nusu, hivyo nusu ya upana huo ni inchi 51. Katika bodi fupi ya futi 6 na nusu, umbali kutoka pini hadi kioo cha nyuma cha kabini unaweza kuwa mfupi kuliko inchi hizo, na siku utakapokata kona ya kurudi nyuma kwa pembe kali, kona ya tela itaingia kwa abiria wa nyuma. Vipo viungio vinavyoteleza kurudi nyuma wakati wa kona kwa ajili ya bodi fupi, navyo hufanya kazi, ila ni vizito, ni ghali, na vingine huhitaji ushuke ukavifungue kwa mkono.

Tela likishafungwa, pima nafasi kati ya ukingo wa bodi na tumbo la shingo: inchi 6 zinatosha, zikipungua sana shingo itagonga ukingo unapopanda mwinuko wa kituo cha mafuta. Tela liwe limelala sawa, lisiinue pua. Kila ukifunga, hata ukiwa na haraka, kabla ya kuinua miguu ya tela kikamilifu shika breki za tela kwa mkono na ujaribu kuvuta mbele taratibu. Pini isiyonasa itajionyesha hapo, shingo ikiwa bado na kitu cha kuiegemeza, badala ya kuiangukia bodi.

Hatua ya sita: kagua kabla ya kulipa, kisha panda mizani

Usilipe kabla ya kuliwasha tela zima: maji yapite katika kila bomba, vyumba vinavyotoka nje vitolewe na kurudishwa, rampu ishuke na kupanda, jenereta ifanye kazi nusu saa ikiwa na viyoyozi. Tela jipya huhitaji ukaguzi huu sawa na lililotumika. Kwa lililotumika, panda paani uangalie gundi ya maungio, bonyeza kuta kwa kiganja kuona kama zimevimba, na utazame kwa makini chuma kinachoshika shingo kama kina nyufa au rangi iliyopasuka. Mkaguzi wa kulipwa, hasa aliyethibitishwa na NRVIA, chama cha wakaguzi wa matela na magari ya kulala, si anasa kwa kitu cha bei ya nyumba ndogo.

Aliyewahi kukaa foleni kwenye mizani ya Mariakani au ya Vigwaza anajua kwamba huko hupiti bila kupimwa. Huku ni tofauti: tela la starehe la mtu binafsi kwa kawaida halilazimishwi kuingia mizani ya serikali, kwa hiyo hakuna atakayekuambia umezidisha mpaka mambo yaharibike. Jipeleke mwenyewe. Mizani za CAT zipo katika vituo vikubwa vya malori, na mtambo wake una sahani tatu, ukiweka tairi za mbele za pikapu kwenye ya kwanza, za nyuma kwenye ya pili na za tela kwenye ya tatu, unapata namba tatu kwenye karatasi moja. Kisha liache tela kwenye maegesho, rudi na pikapu peke yake, watu na mafuta wakiwa walewale. Jumla ya namba mbili za pikapu ikiwa imefungwa tela, ukitoa jumla yake ikiwa peke yake, ndiyo pini yako halisi. Linganisha kila namba na stika yake: ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, GVWR ya pikapu, GVWR ya tela. Fanya hivyo siku umejaza kila kitu kama unavyosafiri, bagi ndani na maji tankini, kisha urudie siku moja bila bagi.

Hatua ya saba: leseni, urefu na kimo

Leseni hutegemea jimbo. Texas hudai leseni ya daraja A isiyo ya biashara pale ambapo jumla ya GVWR za pikapu na tela inafikia pauni 26,001 na tela linazidi pauni 10,000, na msafara tuliouchagua hapa unavuka hapo bila shida. California hudai idhini maalumu kwa tela la shingo lililo juu ya pauni 10,000, na leseni ya daraja A isiyo ya biashara likizidi 15,000. Iulize ofisi ya leseni ya jimbo lako kabla ya kutoa amana, na kampuni ya bima ielezwe wazi kwamba ndani ya tela kutakuwa na chombo kingine chenye injini. Urefu wa jumla katika majimbo mengi huishia futi 65. Pikapu ya futi 22 na tela la futi 43 ni futi 65 kamili, na zikifungwa hupungua zaidi kwa sababu shingo hukaa juu ya bodi.

Kimo kisikupite. Matela haya hukaribia futi 13 na nusu, na ukitoka kwenye lori la kazi ukaingia kwenye pikapu yako ya mapumziko ni rahisi kusahau kilicho nyuma. Kule Durham, North Carolina, lipo daraja la reli lililokuwa na futi 11 na inchi 8, maarufu kwa kukwangua mapaa ya malori; mwaka 2019 liliinuliwa hadi futi 12 na inchi 4, na bado linakwangua. Pima tela lako siku limefungwa na tairi zimejaa upepo, kuanzia chini hadi sehemu ya juu kabisa ya kiyoyozi, ongeza inchi mbili, andika namba hiyo kwa kalamu nene kwenye kipande cha gundi ya karatasi, na ukibandike juu ya usukani mahali ambapo jua halitakifuta.